Tupeane uzoefu: vikundi vya mtaani vinavyotusaidia kupunguza mkaa na hewa ukaa

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu ni wa walio kwenye vikoba (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), vyama, jumuiya na vikundi vya wakulima ambako watu wanakaa na kujadili namna ya kupunguza hewa ukaa inayotoka majumbani mwao. Semina tumehudhuria nyingi. Leo nataka mliyoyafanya wenyewe: mlianzaje, nini kilibadilika, nini kiligoma.

Naanza mimi, niko Mbagala. Kikoba chetu kikishamaliza hisa na marejesho, huwa tunabaki kuzungumza. Suala la mkaa liliingia kwa mlango wa bei. Mwenzetu mmoja alishauri kila mtu aandike hela ya mkaa na hela ya umeme wa LUKU kwenye daftari lilelile la kikoba. Tuliposomeana, wenye kipato kidogo, wanaonunua mkaa wa kopo, ndio waliokuwa wanalipa zaidi ya wanaonunua gunia. Ukumbi ulinyamaza kwanza, halafu kila mtu akawa anataka kusema.

Kuna mzee tulimwalika, zamani alikuwa mchoma mkaa. Alitueleza magogo yanavyopangwa, yanavyofunikwa majani na udongo, na namna sehemu kubwa ya mti inavyoishia kuwa moshi. Tanuri la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Tangu siku hiyo kopo la mkaa sikuliona tena kama kitu kidogo.

Tukanunua jiko moja la presha la umeme la kikundi na kupika maharage mbele ya wote. Mita tulisoma kabla na baada: haikufika nusu yuniti. Mama aliyekuwa mbishi kuliko wote hakuridhika, akataka tupike na makande, na safari hii akasimama mwenyewe pale kwenye mita mpaka yakaiva. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine, na kikoba kinawakopesha jiko wanaolitaka. Kijana mmoja aliuliza kama umeme nao hauchomi gesi. Swali la haki kabisa. Sehemu ya umeme wetu inatokana na gesi asilia, sehemu na maji, na Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Bado ni afadhali sana kuliko tanuri la yule mzee.

Karibuni.

Mdau wa Gazi, Kwale, Kenya
Kwetu jambo lilikuwa mikoko. Watu walikata boriti na kuni, samaki nao wakapungua. Mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza 2013, jamii ilikubali kulinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa pale, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayotoa wao. Pesa za kwanza zikajadiliwa barazani, na maji na vitabu vya shule vikatangulia. Lakini nawaambia, ukimkataza mtu mkoko na hujampa kuni nyingine, atarudi usiku. Ndiyo maana ilipandwa mivinje. Kikundi kisichozungumzia mbadala kinapoteza wakati.

Mdau wa Mbeya
Sisi tuliletewa majiko banifu, yale ya kubana matumizi ya kuni, na wafadhili, wakapiga picha, wakaondoka. Majiko yalikuwa mepesi mno: ukisonga ugali wa watu wanane, jiko linacheza na sufuria inataka kumwagika. Kina mama wakarudi kwenye mafiga. Safari ya pili tulikaa wenyewe na fundi wa mtaani, kina mama wakamwambia upana wa sufuria zao na urefu wa mwiko. Akajenga la udongo, halitikisiki, kuni zinapungua kweli. Laiti wangetuuliza mwanzo.

Mdau wa Leicester, Uingereza
Huku nilijiunga na kikundi kinachofuata utaratibu wa Carbon Conversations, ulioandaliwa na mtaalamu wa saikolojia Rosemary Randall na mhandisi Andy Brown. Watu wachache, mikutano sita, mnazungumzia nyumba, usafiri, chakula na matumizi. Joto la nyumba na chakula nilipunguza bila shida. Ilipofika ndege nilikwama, maana mama yangu yuko Tanga na msiba hausubiri. Niliwaambia wazi, kwenda kuzika sitaacha. Walinisikiliza, hakuna aliyenihukumu. Nikaacha safari za mapumziko za wikiendi na nikienda nyumbani nakaa muda mrefu.

Mdau wa Morogoro
Samahani wakuu, ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania wa kawaida hatoi hata tani moja ya hewa ukaa kwa mwaka. Kwa nini mzigo huu tubebe sisi?

Mleta uzi
Mkuu, hoja yako ni ya kweli, na mataifa makubwa lazima yabanwe. Ila moshi wa jikoni unaingia kwenye mapafu ya mke wako na watoto wako, na misitu inayokatwa ni ya Pwani na Morogoro hukohuko kwenu. Hata hewa ukaa ungeiweka kando, sababu hizo mbili zinanitosha.

Mdau wa Tanga
Dada, mkopo wa jiko mliupangaje? Kwetu wengi wanaogopa deni.

Mleta uzi
Rejesho tumelilinganisha na hela ambayo mtu alikuwa anatoa kwa mkaa kwa wiki, ukiondoa ya umeme. Hatoi zaidi ya alivyozoea. Riba hakuna, na mpira wa mfuniko ukichakaa kikoba kinanunua. Jiko likilipwa, hela ile inahamia kwenye hisa zake.