Dawa za baipola, utajuaje kama zinafanya kazi?

Dada wa Tandahimba
Habari zenu wadau, naomba msaada kwa mwenye uzoefu. Mdogo wangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana, mwaka jana hela ya korosho ilivyoingia tu akawa halali, anaongea usiku kucha, akanunua pikipiki, zilobaki akagawa kijiweni. Hospitali wakamwanzishia lithiamu na olanzapini. Sa hivi katulia ila katulia mnooo, anasinzia mchana, anakula sana, mama anasema dawa zimempumbaza bora aache, mjomba anasema keshapona. Mi sielewi, huku ndo kupona au dawa inamzidi?

Mtu wa Mikindani
Pole dada. Mi mwenyewe natumia lithiamu miaka sasa. Angalia usingizi kwanza, kama usiku analala na asubuhi anaamka kama watu wengine, dawa imeshaanza kushika. Kwangu mke wangu ndo aligundua kabla yangu, aliniona nimekaa mkekani namsikiliza mtu mpaka amalize, zamani sikuwa namwacha mtu afike mwisho. Ila usitegemee asikasirike wala asifurahi, timu yake ikifungwa atanuna tu, muhimu kesho yake yameisha. Na kujua kama inazuia kweli ugonjwa usirudi ni miezi, msimu upite, hela iingie na bado analala.

Muuguzi Lindi
Dada, kusinzia na kula sana mara nyingi ni hiyo olanzapini, mrudishe kliniki daktari aangalie dozi na muda wa kumeza. Msiache wenyewe jamani, lithiamu ukiikata ghafla ugonjwa unarudi kwa kasi, yuko vizuri kwa sababu anameza. Na damu je, wanapima? Kiwango cha lithiamu wengi wanawekwa kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L, na figo na tezi ya thairoidi nazo zinapimwa. Shambani anywe maji ya kutosha, na asijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni, zinapandisha lithiamu mwilini. Akianza kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba au ulimi kuwa mzito, hospitali saa hiyo hiyo.

Dada wa Tandahimba
Asanteni sana, usiku analala kweli. Damu walipima mwanzoni tu. Ila hiyo diklofenaki mbona ndo anayomeza mgongo ukimuuma, na juzi nimeona kikombe kinamtetemeka mkononi, nilipanga nimpeleke wiki ijayo

Muuguzi Lindi
Usingoje wiki ijayo dada. Diklofenaki aache leo, asubuhi na mapema mpeleke akapimwe damu, na nenda na dawa zote anazomeza wazione.