Spika wa Marekani kurithi urais: ni halali au ni mlango wa nyuma?

Mleta mada: Wakuu, sheria ya Marekani ya 1947 inasema rais na makamu wakikosekana wote, kiti kinakwenda kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Baada yake rais wa muda wa Seneti, ndipo mawaziri, wa Mambo ya Nje akitangulia. Mimi nasema hao wawili wa bungeni waondolewe.

Kumbukeni 1973. Makamu Agnew alijiuzulu Oktoba 10, na makamu mpya, Ford, akaapishwa Desemba 6. Karibu miezi miwili, kashfa ya Watergate ikiwa imemkaba koo Rais Nixon wa Republican, aliyekuwa kwenye foleni ya kumrithi ni Spika Carl Albert wa Democratic. Majimbo 49 yalimpa Nixon kura mwaka uliotangulia, halafu chama kilichoshindwa kiingie Ikulu bila debe! Na ndicho kilichokuwa na wingi bungeni wa kumshtaki. Fisi kukabidhiwa bucha.

Mwaka 1868 ilikuwa mbaya zaidi. Rais Andrew Johnson alishtakiwa mbele ya Seneti, na Seneta Benjamin Wade, rais wa muda wa Seneti ambaye ndiye angemrithi, alipiga kura Johnson atiwe hatiani. Johnson aliponea kura moja.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, mbona humtaji Truman? Rais Roosevelt alipofariki 1945, makamu wake Truman akawa rais, akabaki bila makamu, na kwa sheria ya 1886 aliyefuata ni waziri wa Mambo ya Nje, mtu anayeteuliwa na rais. Akaona si sawa rais ajichagulie mrithi, ndipo ikaja hii ya 1947. Spika angalau kapigiwa kura.

Mleta mada: Kapigiwa na jimbo moja la uchaguzi.

Mchangiaji wa 2: Mnagombania historia. Tangu marekebisho ya 25 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1967, rais anateua makamu mpya, mabaraza yote mawili yanaidhinisha. Spika hafikiwi.

Mleta mada: Marekebisho hayo yalikuwepo 1973, na Albert bado alikaa foleni siku 57.

Mchangiaji wa 3: Kwangu tatizo ni muda. Katiba ya Kenya ya 2010, rais na naibu wakikosekana, Spika wa Bunge la Taifa anakaimu tu, uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60. Marekani anaweza kumaliza muhula wote. Wakopi hapo, Spika abaki.

Mleta mada: Siku 60 nazikubali. Ila Oktoba 2023 wabunge wa Marekani walimng'oa Spika McCarthy wakakaa wiki tatu bila Spika. Huyo wa kukaimu wangemtoa wapi?