Kurahisisha 6/(√5 − √2): alama ya kujumlisha imetoka wapi?

Mzazi, Ipagala (Dodoma)
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu yuko kidato cha pili, na jana tulikaa pamoja na swali linalomtaka arahisishe 6/(√5 − √2). Yeye alitoa 2 katika 5, akapata 6/√3, akamalizia na 2√3, lakini jibu alilosahihishiwa ni 2√5 + 2√2. Mimi hesabu za sehemu nilisoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kwa hiyo kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) navielewa. Ninachoshindwa kumweleza ni namna alama ya kutoa iliyokuwa kwenye asili ilivyokuja kuwa ya kujumlisha kwenye jibu. Sipendi akariri kanuni asiyojua chanzo chake.

Mwalimu, Mpwapwa
Ndugu mzazi, tuanze na kosa lenyewe. Chukua vitalu viwili vya mizabibu vyenye umbo la mraba, kimoja cha meta za mraba 9 na kingine cha meta za mraba 16. Pande zake ni meta 3 na meta 4, jumla 7. Lakini kitalu kimoja cha mraba chenye eneo la vyote viwili, yaani meta za mraba 25, kina upande wa meta 5 tu. Basi √9 + √16 si √25, na vivyo hivyo √5 − √2 si √3.

Kuhusu alama, tunataka kuondoa vipeuo kwenye asili bila kubadili thamani ya sehemu, kwa hiyo chochote tunachozidishia asili lazima tuzidishie na kiasi. Tukizidisha (√5 − √2) kwa yenyewe tunapata 7 − 2√10, na kipeuo bado kipo. Tukiizidisha kwa (√5 + √2), tunapata 5 + √10 − √10 − 2. √10 zinafutana, na inabaki 3. Sehemu yetu inakuwa 6(√5 + √2)/3, yaani 2√5 + 2√2. Alama ya kutoa haikugeuka: ile ya kujumlisha ilikuja na kizidisho, ikabaki juu kwenye kiasi.

Mzazi, Ipagala
Ahsante sana, Mwalimu. Tumehakiki kwa √5 ≈ 2.236 na √2 ≈ 1.414: asili ni 0.822, na 6 ukigawanya kwa hiyo unapata takribani 7.3, sawa na jibu lililosahihishwa, ilhali 2√3 ni takribani 3.46. Binti ameliona kosa lake mwenyewe. Je, njia hii inafaa pia kwa (x − 9)/(√x − 3)?

Mhitimu, Hombolo
Inafaa, mzee wangu. Zidisha juu na chini kwa (√x + 3). Asili itakuwa x − 9, itafutana na x − 9 iliyo kwenye kiasi, na jibu litakuwa √x + 3. Ila naomba binti asiache jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tukiliacha: x isiwe hasi, wala isiwe 9. Ukiweka 9 kwenye √x + 3 unapata 6 bila tatizo lolote, lakini mtajo wa mwanzo unakuwa 0/0, ambayo haina thamani. Sharti hilo aliandike pembeni ya jibu, kwa kuwa bila hilo mitajo hiyo miwili si sawa.