Saba Saba 1990 na Juni 2024: tunavipima vizazi hivi kwa mizani moja?

Tangu mwaka 2024 kuna hoja inayorudiwa sana nchini Kenya: kwamba kizazi cha Saba Saba, yaani cha maandamano ya tarehe 7 Julai 1990 ya kudai vyama vingi, kilikuwa na viongozi, ndiyo maana kikaleta vyama hivyo, ilhali vijana wa Gen Z walioandamana Juni 2024, kwa kukataa kuongozwa, waliishia kuangusha mswada mmoja tu. Naipinga hoja hii, ingawa kuna sehemu yake inayoniuma kwa sababu ni kweli.

Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri zamani, waliitisha mkutano wa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wa tarehe 7 Julai 1990, wakatiwa kizuizini siku chache kabla, na waliothubutu kujitokeza wakakabiliwa na polisi. Anayeuhesabu ushindi wa wazee wetu leo angeuhesabu mwezi uliofuata, asingeona chochote. Kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya KANU, chama tawala, kuwa chama pekee kilifutwa Desemba 1991, na KANU yenyewe ikang'oka madarakani mwaka 2002. Tena viongozi hao hao ndio waliokigawanya chama cha upinzani cha FORD, Matiba akaenda upande wake na Jaramogi Oginga Odinga upande wake, hata Rais Moi wa KANU akashinda uchaguzi wa 1992 kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Vijana nao waliingia bungeni tarehe 25 Juni 2024, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya. Kasi hiyo haikupatikana bure: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60. Ninapomsikia mtu akisema "mswada mmoja tu", nawafikiria wazazi wa hao 60.

Sehemu inayoniuma ni yaliyofuata. Mwezi Julai wanachama wa ODM, chama cha upinzani, waliteuliwa kuwa mawaziri, na hakukuwa na yeyote mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba ya waandamanaji kwamba hawakumtuma mtu. Kufikia Desemba, baadhi ya mapendekezo ya kodi yalikuwa yamerudi kupitia sheria nyingine.

Hata hivyo, siamini kwamba dawa yake ni kumtafuta Matiba mpya. Tunawasahau akina mama wa wafungwa wa kisiasa, ambao mwaka 1992 walifunga kula katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakiwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, wakidai wana wao waachiliwe. Hawakuwa na chama wala mgombea. Polisi walipowavamia kwa virungu tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo, jambo ambalo kila aliyekuwapo alijua kuwa ni laana, kisha wakahamia katika Kanisa Kuu la All Saints na kukaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipofunguliwa. Dai lao lilikuwa moja, nao hawakuondoka.

Tarehe 7 Julai 2025 vijana waliandamana kwa jina lile lile la Saba Saba, kwa hiyo urithi huo wanaujua. Anayetetea maandamano yasiyo na viongozi naomba anijibu hili: Julai 2024, barabara zilipoanza kutulia, ni dai gani moja ambalo vijana wangelikalia kama akina mama wale walivyokalia lao, na wangelikalia wapi?