Chipu mpya tupu haisomeki kwenye dibaga: nishushe kasi, nishike riseti, au nipite butilouda?

saketi_usiku: Wakuu salama? Nimelehemu bodi mbili za STM32F103C8 (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), chipu mpya kabisa hazijawahi kuingizwa programu. ST-LINK (dibaga yangu, kifaa cha kuingiza na kukagua programu) inasoma bodi yangu ya zamani bila shida kwa waya zile zile, hizi mpya inaniambia hakuna kifaa. Njia ninazoziona ni tatu: kushusha kasi ya SWD (waya ambazo dibaga inaongea nazo na chipu), kuunganisha huku riseti imeshikwa chini, au niachane na dibaga nipite butilouda (programu ndogo ya kuanzia iliyomo ndani ya chipu). Nianze na ipi?

pini_44: Riseti mkuu. Imeniokoa mara nyingi sana, unashika NRST (pini ya riseti) chini dibaga inaidaka chipu kabla haijaamka.

kapasita100n: @pini_44 hiyo inasaidia pale programu iliyomo ndani imegeuza PA13 na PA14 (pini za SWD) kuwa pini za kawaida au imeilaza chipu. Ya kwake ni tupu, flashi (kumbukumbu ya programu) yote 0xFF, yaani haijaandikwa kitu, nani kazifunga hizo pini? Mi ningeanza na umeme. Na kama ST-LINK/V2 yako ni ile ya pini 20, yenyewe hailishi bodi, inapima tu voltiji kwenye pini 1, kwa hiyo bodi iwe na umeme wake.

pini_44: Hapo kweli, zangu zote zilikuwa na programu tayari.

waya_mfupi: Kasi usiidharau lakini, hasa kwa wa AVR (familia nyingine ya chipu). ATmega328P ikitoka kiwandani inakimbia MHz 1 tu, na saa ya ISP (njia yake ya kuingiziwa programu) lazima iwe chini ya robo ya hapo, ndo maana kwenye avrdude (programu ya kuandikia AVR) naweka -B 10 kwanza ili kushusha kasi. Kwa STM32 shusha mpaka kHz 100 uone, ni dakika moja, ila waya kama ni za sentimita 10 sitegemei iwe ndo shida.

kapasita100n: Butilouda mimi naipenda kama kipimo. Iko ndani tangu kiwandani hata flashi ikiwa tupu. Pini za kuchagua chipu ianzie wapi: BOOT0 juu, BOOT1 chini, riseti, tuma 0x7F kupitia PA10, pariti iwe shufwa. Ikijibu 0x79 kwenye PA9 ujue chipu ni nzima, kosa liko kwenye waya za SWD. Ikinyamaza, rudi kwenye umeme, na pima kwenye mguu wa chipu wenyewe sio kwenye pedi.

saketi_usiku: Wakuu nimepata!! kHz 100 hamna, butilouda kimya, nikachukua multimeta nikagusa mguu mmoja mmoja, VDD (pini za umeme) zote voltiji 3.3, pini 9 ambayo ni VDDA (umeme wa sehemu ya analogi) inarukaruka. Kwenye lenzi naona mguu umekaa juu ya solda haujashika, na nikiubonyeza kwa ncha ya sindano dibaga inasoma hapo hapo namba ya utambulisho, 0x1BA01477. Nimeugusa na heta na flaksi kidogo, imekaa. Bodi ya pili nayo mguu ule ule.

waya_mfupi: Safi sana. VDDA ndo inalisha mzunguko wa riseti humo ndani, watu wanaiona ni ya ADC (kigeuzi cha analogi kwenda dijitali) tu wanaiacha.