Mafundi umeme wa boti Kigoma, pimeni kwanza kabla ya kutuuzia betri

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Baadhi ya mafundi wanaohudumia boti katika mialo yetu hapa Kigoma hawatafuti hitilafu ya umeme ilipo. Wanabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi mfuko wa mwenye boti ukauke, kisha wanamwambia kwamba boti yake ni ya zamani.

Boti yangu ni ya mbao na hubeba abiria na mizigo katika Ziwa Tanganyika, kutoka Kibirizi kwenda Mwamgongo na Kagunga. Umeme wake ni mdogo tu: betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola iliyo juu ya paa, taa za usiku, na pampu ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya sakafu. Pampu ilianza kuzunguka kivivu, na kila ilipowashwa taa zote zilififia. Fundi niliyemwita alitikisa vichwa vya betri, akatazama taa, akatoa hukumu: "Mzee wangu, betri hii imekufa." Nikanunua betri mpya, hali ikabaki ileile. Akasema ni pampu. Ikanunuliwa pampu, na hali ikabaki ileile. Alipoanza kuinyooshea kidole kontrola ya sola, kile kifaa kinachodhibiti uchajiji wa betri, nilimwomba akusanye vifaa vyake aondoke.

Aliyeipata hitilafu ni kijana anayetengeneza redio mjini, kwa mita ya kawaida ambayo fundi yeyote anaweza kuinunua. Alipima pampu ikiwa inafanya kazi, na hapo ndipo penye siri yote, kwa sababu umeme usipotembea kwenye waya hakuna volti inayopotea, na mita itakuonyesha kwamba kila kitu ni kizima hata kama kiungo kimeoza. Kwenye betri palikuwa na volti 12.5, kwenye pampu 9.8. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya pampu, mahali ambapo palipaswa kusoma karibu na sifuri, na mita ikasoma 2.2. Kwa hiyo sehemu kubwa ya volti zilizopotea ilikuwa inapotelea kwenye waya wa kurudi, yaani wa hasi, ambao pampu na taa zinautumia kwa pamoja, na ndiyo maana taa zilikuwa zikififia pampu inapowaka. Fundi aliyeziona dalili hizo kwa macho yake alikuwa na haki gani ya kuniuzia betri?

Tulipong'oa mbao za sakafu tulikuta waya umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, umelala palepale maji yanapotuama, shaba yake imekuwa ya kijani na nyeusi. Nimechoka kusikia kwamba Ziwa Tanganyika si bahari na kwa hiyo nyaya haziozi. Maji ya ziwa hili yana madini ya kutosha kupitisha umeme, na tepu ikishaachia huyafungia maji ndani badala ya kuyazuia. Kiungo kilichobanwa kwa kifungio chake, kikafunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto na kupandishwa juu ya usawa wa maji, kingenipunguzia gharama zote hizo.

Waya wenyewe pia ulikuwa mwembamba, wa milimita 1.5 za mraba. Pampu inayovuta ampea 5, ikiwa mita 8 kutoka kwenye betri, hupoteza takriban volti 0.9 kwenye waya wa namna hiyo kwenda na kurudi, hata kama viungo vyote ni vizima. Waya wa milimita 4 ungepoteza chini ya volti 0.4. Hesabu hii haihitaji chuo.

Lakini kilichonitia hasira kuliko fedha ni fyuzi, kile kifaa kinachokatika ili kuzima umeme unapozidi. Mahali pa fyuzi nilikuta kipande cha waya, kwa maelezo kwamba fyuzi "ilikuwa inasumbua". Betri ya boti ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu kabla nahodha hajageuka kutazama. Sisi tunasafiri na madumu ya petroli, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia chini ya sakafu, kulekule kwenye viungo vilivyooza. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inaeleza kwamba kuna kitu kibovu mbele yake. Kuinyamazisha kwa kipande cha waya huku abiria na watoto wao wamekaa juu ya mbao hizo ni kucheza na roho za watu.

Nimemtaka fundi yule achukue betri na pampu alizoniuzia na anirudishie fedha, naye anasema kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudishwi. Mwenye kumfahamu fundi wa Kigoma, Ujiji au Ilagala anayetembea na mita na kuandika vipimo kabla ya kugusa kifaa, naomba aeleze hapa namna ya kumpata. Na mafundi mliomo humu, nijibuni: ni kipimo gani kinachomruhusu mtu kutangaza kwamba betri imekufa bila kuipima?