Roy Hobbs wa riwaya au wa filamu: nyie mnamkubali yupi?

Mkesha_Vitabu: Wakuu, salaam. The Natural ya 1984, ile filamu ya besiboli ambamo Robert Redford ni mchezaji Roy Hobbs, nimeitazama mara nyingi mno. Pale mpira wa mwisho, anaoupiga kwa gongo na kushinda mechi, unapogonga taa za uwanja, cheche zikamwagika kama mvua na Redford akizunguka vituo taratibu huku muziki wa Randy Newman ukipanda, machozi hunitoka kila mara.

Sasa wiki hii nimemaliza riwaya yenyewe, ya Bernard Malamud, 1952. Nimeduwaa. Hobbs wa kitabuni kakubali hongo ili timu yake, Knights, ifungwe! Anajuta katikati ya mechi, lakini gongo lake Wonderboy limeshapasuka, na mpira wa mwisho anaukosa. Nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu. Hivi mwongozaji, Barry Levinson, alikuwa na haki ya kugeuza mwisho ule?

Mzee_wa_Sinema: Haki anayo, ndugu yangu. Hobbs wa filamu pesa za hongo za Jaji, mmoja wa wamiliki wa timu, alizirudisha, kwa hiyo ni mtu mwingine kabisa. Na Wonderboy hata kwenye filamu linapasuka. Anamwambia yule kijana mbeba magongo amchagulie jingine, na kijana anamletea lile walilolichonga pamoja. Mimi pale ndipo ninapolia, kabla hata ya hizo cheche.

Binti_Kurasa: Mzee wangu, kwa heshima, sikubaliani nawe. Mwanzoni Hobbs, kijana asiyejulikana, anamrushia Whammer, nyota aliyeanza kuzeeka, mipira mitatu kando ya reli, na yote mitatu inampita. Mwishoni mwa riwaya Hobbs ndiye mkongwe, na anayemshinda ni mrushaji chipukizi kutoka shamba. Malamud alitega mtego tangu sura ya kwanza. Ukiubadili mwisho, umeung'oa.

Kipa_Mstaafu: Nyongeza tu: lile tukio la Hobbs kupigwa risasi na mwanamke hotelini lina mzizi wa kweli. Eddie Waitkus, mchezaji wa timu ya besiboli ya Philadelphia Phillies, alipigwa risasi na msichana katika hoteli ya Chicago mwaka 1949. Mwaka uliofuata alirudi uwanjani.

Mkesha_Vitabu: Binti, umenifumbua macho. Nimerudi kwenye kurasa zile za reli sasa hivi. Mdakaji pale ni Sam, mzee anayempeleka Hobbs Chicago kujaribiwa. Mpira wa tatu, ule wa ushindi, unamgonga kifuani, na Sam anafia ndani ya treni. Mara ya kwanza nilipita hapo haraka, nikimshangilia Hobbs.